Mtoto yuko kimya darasani? Usikimbilie kumwita mzito

Katika vijiji vingi vya Shinyanga, mtoto aliyelelewa vizuri humwamkia mkubwa akiwa ameinama au amepiga goti, macho chini, na haongei mpaka aulizwe. Akifika darasa la kwanza, mtoto huyo huyo hutakiwa asimame wima, amtazame mwalimu na ajibu kwa sauti. Tena ajibu kwa Kiswahili, wakati nyumbani husikia Kisukuma tangu alfajiri hadi anapolala.

Akinyamaza, hachelewi kupewa jina: mzito, mwoga, hana akili.

Kwenye maeneo ya machimbo mambo ni magumu zaidi. Katoro, Nyarugusu, Kakola na Kahama zina familia nyingi zilizofuata dhahabu kutoka Kigoma, Kagera, Mara na kwingineko. Dhahabu ikisikika mahali pengine, baba huhama na mtoto huanza upya shule nyingine. Mzazi aliyepata fedha kidogo naye humpeleka mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza, ambako mtoto hukutana na lugha ya tatu kabla ya kuizoea ya pili.

Kimya cha mwanzo ni cha kawaida

Mtoto anayeingia kwenye lugha mpya husikiliza na kuelewa kabla ya kuthubutu kusema. Hali hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa wengine miezi.

Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea, hivyo usiache kuzungumza naye lugha ya nyumbani. Mwenye maneno mengi ya lugha ya mama hujifunza mapya kwa urahisi zaidi. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 na kuifikia Shinyanga, uliwaandaa watoto ambao hawakupitia darasa la awali kwa hadithi na michezo, wakiongozwa na watu wa jamii yao.

Haja ndogo, tatizo kubwa

Asiyejua kuomba ruhusa hubana mkojo. Akizoea kubana, huweza kupata maumivu ya tumbo, kujikojolea, hata maambukizi ya njia ya mkojo. Anayebana haja kubwa hupata choo kigumu. Wengine huacha kunywa maji ili wasihitaji kutoka. Na aliyejikojolea mbele ya wenzake anaweza kuanza "kuumwa tumbo" kila asubuhi ya shule, huku mzazi akitafuta dawa ya minyoo.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kumfundisha ni: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Kama shule ni ya Kiingereza, muulize mwalimu wanavyosema hapo, mtoto aikariri. Kisha mfundishe "Sijaelewa" na "Ninaumwa".

Mfanye nini nyumbani?

• Chezeni mchezo wa shule. Mzazi awe mwalimu. Mtoto anyooshe kidole, asimame, ajibu.

• Mweleze kwamba kuna adabu za aina mbili. Nyumbani anainama na kusema "Mwangaluka". Darasani anasimama, anamtazama mwalimu na kusema "Shikamoo". Zote ni heshima.

• Usimcheke akisema "lafiki" badala ya "rafiki". Rudia neno kwa usahihi na muendelee kuongea.

• Mwambie mwalimu lugha mnayotumia nyumbani, na kama mmehamia karibuni.

Lini umpeleke kituo cha afya?

Mtoto anayecheka na kusimulia nyumbani lakini yuko kimya shuleni, kwa kawaida anahitaji muda. Mpeleke kituo cha afya ikiwa hasemi vizuri hata lugha ya nyumbani, haitiki akiitwa kutoka nyuma, sikio linatoa usaha, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au anakojoa kwa maumivu. Fanya hivyo pia kimya cha shuleni kikiendelea kwa miezi bila dalili ya kupungua, hata anapokuwa na wenzake.

Leo akirudi, kabla ya kumuuliza amepata ngapi, muulize kama aliweza kwenda chooni, na amecheza na nani.