Mafuta ya Kitambi Hayatokei Chooni

"Daktari, mtu wa sukari anaweza kunywa chai gani ya kukata kitambi?" Hilo ndilo swali. Siku nyingine linakuja na presha mahali pa sukari, siku nyingine chai inageuka unga wa kukoroga kwenye maji ya limau, lakini kiini ni kile kile, na limeulizwa mara nyingi mno kuendelea kujibiwa kwa upole wa "inategemea". Haitegemei. Hakuna chai ya kukata kitambi inayomfaa mtu wa sukari, wala wa presha, wala wa figo, na kadiri mtu anavyokuwa na dawa nyingi za hospitali ndivyo chai hiyo inavyozidi kumhatarisha. Pakiti zenyewe ziko kila mahali Nairobi: kwenye vibanda vya Kawangware na Kangemi, kwenye maduka ya River Road, na kwa wakazi wa Kilimani na Lavington huletwa mlangoni kwa bodaboda, zikiwa kwenye chupa nzuri zaidi na kwa bei ya juu zaidi. Ahadi ni moja: kusafisha tumbo, kutoa sumu, kuyeyusha mafuta.

Tuanze na hayo mafuta, maana hapo ndipo uongo wote umesimama. Mafuta ya mwilini yamehifadhiwa ndani ya seli, nje kabisa ya njia ya chakula. Yanapopungua hayapiti kwenye utumbo. Mwili huyachoma kwa oksijeni. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walichapisha hesabu yake katika jarida la BMJ: katika kila kilo 10 za mafuta zinazochomwa, kilo 8.4 hutoka kama kaboni dayoksaidi kupitia mapafu, na 1.6 zilizobaki huwa maji. Choo hakimo kwenye hesabu hiyo. Sasa tuitazame chai. Kiungo kinachorudiwa sana kwenye pakiti hizi ni sanamaki, jani ambalo watu wa Pwani wanalijua tangu zamani kuwa ni haluli. Sanamaki ni dawa ya kweli: huchokoza utumbo mpana usukume haraka na usifyonze maji. Tatizo ni kwamba chakula kinapofika utumbo mpana, karibu nguvu zake zote zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliwaharisha watu kwa dawa hadi wakatoa lita 4 hadi 6 za choo cha maji, na bado ufyonzaji wa kalori ulipungua kwa asilimia 12 hivi tu. Ikiwa mateso ya kiasi hicho yanazuia sehemu ndogo namna hiyo, kikombe cha jioni kitazuia nini?

"Lakini mizani ilishuka kilo tatu kwa siku tatu." Ndiyo, ilishuka, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kilo moja ya mafuta hubeba takriban kalori 7,700. Kupoteza kilo tatu za mafuta kwa siku tatu kungehitaji mwili uchome, kila siku, ziada ya karibu mara tatu ya chakula cha siku nzima cha mtu mzima. Hata mkimbiaji wa Iten akiwa kambini hafikii hapo. Kilichoondoka ni maji na chumvi zake, na siku chai itakapoisha vitarudi vyote, pamoja na kiungulia cha pesa zilizopotea.

Kwa mtu mzima wa afya hadithi ingeweza kuishia hapo. Kwa mwenye ugonjwa sugu ndipo inapoanza. Mtu wa presha anayetumia haidroklorotiazidi tayari anapoteza potasiamu kwenye mkojo. Kuharisha humpotezea nyingine, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Anayetumia enalaprili au losartani, mwili ukikaukiwa maji, figo zake hukosa msukumo wa damu na zinaweza kuumia ndani ya siku chache. Metformini hutolewa na figo hizo hizo. Zikilegea, dawa hujilimbikiza, na asidi inaweza kupanda kwenye damu, jambo la nadra lakini la kuua. Halafu kuna glibenklamidi na insulini, ambazo hazijui kwamba leo tumbo limekuvuruga hukula. Zinaendelea kushusha sukari: jasho, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika, kuzirai. Mtu akiishiwa nguvu hivyo ndani ya matatu saa kumi na mbili jioni, abiria wenzake watamdhania mlevi.

Na hayo ni ya chai iliyo na kile kilichoandikwa kwenye pakiti; nyingine huficha kisichoandikwa. Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kupunguza hamu ya kula hadi mwaka 2010, utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 10,000 wenye sukari au ugonjwa wa moyo ulipoonyesha kwamba inaongeza mishtuko ya moyo na kiharusi. Iliondolewa madukani Ulaya na Marekani. Tangu hapo wakaguzi wa dawa wa Marekani wameikuta tena na tena ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza uzito zilizoandikwa "asilia". Dawa inayopandisha presha, imefichwa kwenye kinywaji anachonunua mtu wa presha. Anayeona chai yake "inafanya kazi kweli", hamu ya kula imekatika na moyo unadunda usiku, ana sababu ya kuogopa.

Wapo wanaosema mitishamba ilitulea na bibi zetu hawakufa. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa aliyeijua sanamaki zamani aliijua vizuri: aliitumia aliyefunga choo, kwa siku moja mbili, kisha akaacha. Hakuinywa miezi mitatu mfululizo juu ya vidonge vitano. Wengine wanasema sukari yao ilishuka walipokunywa. Inaweza kushuka, kwa kuwa walikula kidogo, au kwa kuwa katika nchi kadhaa dawa za "asili" za sukari zimekutwa na glibenklamidi ndani yake bila kuandikwa. Vyovyote iwavyo, sukari iliyoshuka bila daktari kujua sababu ni hatari iliyochelewa kuonekana.

Kitu kinachoudhi zaidi ni kwamba swali zuri lipo na haliulizwi. Mwenye ugonjwa sugu anayetaka kupungua anapaswa kuuliza: nikianza kula kidogo na kutembea zaidi, dawa zangu zipi zipunguzwe? Uskoti na kaskazini mwa Uingereza ulifanyika utafiti uitwao DiRECT, wa watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka sita, wasiotumia insulini. Nusu yao walipewa chakula maalumu cha kalori zipatazo 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, na vidonge vyao vya sukari na presha vilisimamishwa na wahudumu siku ile ile ya kwanza. Baada ya mwaka, asilimia 46 hawakuwa na kisukari tena kwa vipimo na bila dawa, dhidi ya asilimia 4 kwa wenzao waliobaki na huduma ya kawaida. Kupungua kunaweza kuubadili ugonjwa wenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo hakufanywi kwa siri. Kuna pia dawa zinazonenepesha: insulini, glibenklamidi, prednisoloni, baadhi ya dawa za akili, na dolutegraviri ya watu wanaoishi na HIV. Usiache hata moja kwa uamuzi wako; ulizia kama ina mbadala.

Na mizani isiwe hakimu pekee. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la JAMA ulikusanya majaribio ya mazoezi kwa watu wa kisukari: kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilishuka kwa pointi 0.66 hivi ingawa uzito haukutofautiana na wa wasiofanya. Msuli unaofanya kazi hunyonya sukari, kilo zishuke zisishuke. Wengi huacha kutembea mwezi wa pili kwa kuwa nguo bado zinabana, wakati damu yao imeshaanza kutengemaa.

Yanayowezekana, basi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, hata kwa wenye magonjwa sugu, na mazoezi ya misuli mara mbili. Ukitoka Kangemi shukia Museum Hill uingie mjini kwa miguu; ukipita Ngong Road shukia Community. Jumamosi kuna bustani ya Arboretum na msitu wa Karura. Kutembea dakika kumi baada ya kila mlo kunaweza kupunguza sukari ya baada ya kula zaidi kuliko kutembea dakika zile zile kwa mkupuo mmoja saa yoyote. Magoti yakiuma, inuka na uketi kwenye kiti mara kumi, au inua jerikeni la lita tano. Sahani: nusu sukuma au kabichi, ugali kama ngumi, maharagwe, ndengu au omena; ugali wa wimbi nao ni wanga, upime vile vile. Chai bila sukari, soda hapana. Anayetumia insulini au glibenklamidi apime sukari kabla ya kutoka, ikiwa chini ya 5 mmol/L ale kwanza, na abebe glukosi mfukoni. Viatu vilivyofunika vidole, nyayo zikaguliwe kila usiku. Kifua kikibana, simama, nenda hospitali. Macho yakiwa yameathirika, usinyanyue vizito bila ushauri. Sindano za semaglutidi ni dawa ya kweli, kwa cheti cha daktari na kutoka famasia yenye leseni tu; mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu za bandia.

Siku ya kliniki ijayo, tia vidonge vyako vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na pakiti ya chai uliyoificha kabatini, uviweke mezani kwa daktari. Ukiwa unaharisha sasa hivi kwa ajili ya chai hiyo, usingoje siku ya kliniki. Nenda leo.