Tatizo la Kufasiri Majina ya Nchi na Mahali baina ya Kihispania na Kiingereza

Wanafunzi wa tafsiri aghalabu hufundishwa kwamba jina la pekee halifasiriwi. Kanuni hiyo ni nyepesi kukariri, na mtu aweza kuishi nayo siku nyingi bila ya kudhurika. Lakini mfasiri afanyaye kazi baina ya Kihispania na Kiingereza hamalizi hata ukurasa mmoja wa gazeti kabla kanuni hiyo haijamvunjikia mikononi. London kwa Kihispania ni Londres, na New York ni Nueva York; bali Boston hubaki Boston. Mwingereza naye husema Seville badala ya Sevilla, na papo hapo huuandika mji wa Madrid vile vile wauandikavyo wenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza ni kitu gani hasa kinachoamua jina lipi ligeuzwe na lipi liachwe, na kwa nini uamuzi huo, ambao kwa juujuu ni jambo dogo la tahajia, wakati mwingine humlazimu mfasiri kutamka, atake asitake, nchi fulani ni ya nani.

Mtu angedhani kwamba jina lenye maana iliyo wazi ndilo litakalofasiriwa. Sivyo. Costa Rica maana yake ni pwani tajiri, Puerto Rico ni bandari tajiri, El Salvador ni Mwokozi, na Buenos Aires ni hewa njema. Lakini hakuna Mwingereza ayageuzaye majina hayo. Kwa upande mwingine, nchi ya Côte d'Ivoire huitwa Costa de Marfil kwa Kihispania, yaani pwani ya pembe za ndovu, ijapokuwa serikali yake iliomba katika miaka ya 1980 kwamba jina hilo la Kifaransa lisifasiriwe kwa lugha yoyote. Cabo Verde ilitoa ombi kama hilo mwaka 2013. Waingereza, waliokuwa wakisema Cape Verde, ikawabidi kujifunza upya, ilhali Wahispania hawakubadili hata herufi moja, kwani Kireno na Kihispania hulisema jina hilo kwa maneno yale yale.

Yako majina ambayo karibu daima hufasiriwa, nayo ni yale yaliyoundwa kwa maneno ya dola na ya dira: Estados Unidos, Reino Unido, Corea del Sur, Carolina del Norte. Neno la kumaanisha upya nalo hugeuzwa mara nyingi, kama katika Nueva Zelanda na Nueva Jersey. Hata hivyo mji wa New Haven haukupata kuitwa kwa Kihispania bandari mpya. Tofauti ya New York na New Haven haimo katika sarufi. Imo katika midomo ya watu: mji uliotajwa kwa muda mrefu bandarini, sokoni na mahakamani hupewa jina la nyumbani katika lugha ya kigeni, na mji usiotajwa hubaki na jina lake la kuzaliwa.

Na jina la nyumbani laweza kuzeeka. Waingereza wa karne ya 19 walisema Saragossa na Corunna. Hilo la pili lilikuwa maarufu kwao kwa ajili ya vita vilivyopiganwa huko Januari 1809 dhidi ya majeshi ya Napoleon. Leo wengi wao huandika Zaragoza. Huo mji mwingine una majina matatu, na kila moja ni sahihi mahali pake: mwanahistoria wa Kiingereza bado huvitaja vita vya Corunna, jina lililo rasmi nchini Uhispania ni A Coruña, ambalo ni umbo la Kigalisia, nayo Akademia ya Kihispania husisitiza kwamba katika maandishi ya Kihispania mtu ana haki ya kusema La Coruña. Mfasiri atakayeuliza jina la kweli ni lipi hatapata jibu. Auulize mji huo unatajwa na nani, wakati gani, na kwa msomaji yupi.

Amerika ya Kaskazini ndiko swali hili lilikotajirika zaidi, maana huko lugha hizi mbili zilirithiana ardhi. Nuevo México lilifasiriwa nusu likawa New Mexico. Nevada, yenye theluji, na Colorado, yenye wekundu, yakaachwa. Kisiwa kidogo kilicho kusini mwa Florida kiliitwa na Wahispania Cayo Hueso, kisiwa cha mfupa. Sikio la Kiingereza lilisikia Key West, na leo msomaji wa Kiingereza huona humo ufunguo na magharibi, vitu ambavyo Mhispania hakuvikusudia kamwe. Magazeti ya Kihispania bado huandika Cayo Hueso. Hapa mfasiri anayefuata kamusi atapotea kabisa, kwa kuwa jina la Kiingereza si tafsiri, bali ni mwangwi.

Mwangwi waweza pia kutiwa muhuri wa serikali. Marekani ilipoitwaa Puerto Rico kutoka kwa Uhispania, matini ya Kiingereza ya Mkataba wa Paris wa 1898 iliandika Porto Rico, na sheria za Marekani zikalifuata umbo hilo hadi mwaka 1932, ambapo Bunge lao lililirudisha jina la wenyewe. Kwa miaka zaidi ya thelathini watu wa kisiwa kile walitawaliwa chini ya jina ambalo si Kihispania wala si Kiingereza. Herufi moja tu, atasema mtu. Lakini herufi hiyo iliandikwa na wenye mamlaka ya kutouliza.

Afadhali kidogo ni habari ya mto unaotenga Marekani na Meksiko. Wamarekani huuita Rio Grande, mto mkubwa. Wameksiko huuita Río Bravo, mto mkali. Yote mawili ni maneno ya Kihispania, kwa hiyo anayefasiri kutoka Kiingereza hudhani hana kazi ya kufanya, akauacha Río Grande katika kitabu cha msomaji wa Meksiko. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848, uliouweka mpaka huo, uliutaja mto kwa majina yote mawili. Waandishi wake walijua kwamba mpaka wenye jina moja ungekuwa na mwenyewe mmoja.

Neno linalosumbua kuliko yote ni América. Kwa Mhispania hilo ni bara zima, toka Kanada hadi ncha ya Chile, na Mperu ni mtu wa América sawa na mtu wa Chicago. Raia wa Marekani huitwa estadounidense, yaani mtu wa Madola ya Muungano, neno ambalo Kiingereza hakina mwenziwe wa kawaida. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilimwona mwanafunzi wa kutoka Ajentina akikataa kujibu swali la darasani mpaka kwanza aelezwe huyo Mwamerika anayezungumzwa ni wa nchi gani. Baadhi yetu tulicheka. Nadhani alikuwa na haki. Rais wa Marekani alipoamuru Januari 2025 kwamba idara za serikali yake ziiite Ghuba ya Meksiko kwa jina la America, wafasiri walijikuta katika kinaya: likigeuzwa kwa Kihispania neno kwa neno, jina hilo laweza kusikika kama ghuba ya bara zima, Meksiko ikiwamo. Kiswahili hapa kina bahati. Tunayo Marekani ya dola na Amerika ya bara, ijapokuwa wengi huyachanganya, na hilo la kwanza lilikuwa pia jina la kitambaa kilichoshuka bandarini Unguja katika karne ya 19.

Tuje sasa kwenye visiwa ambavyo jina lao limeandamana na damu. Kati ya tarehe 2 Aprili na 14 Juni 1982 Ajentina na Uingereza zilipigana juu ya visiwa vya Atlantiki ya kusini, Malvinas kwa Kihispania na Falkland kwa Kiingereza. Ajabu ni kwamba hakuna jina lililo la asili. Nahodha wa Kiingereza John Strong aliupa mlangobahari wa huko jina la Falkland mwaka 1690, kwa heshima ya mkuu mmoja ambaye cheo chake kilitokana na mahali fulani Uskoti. Malvinas nalo limetoka katika Kifaransa, Malouines, kwa ajili ya watu wa bandari ya Saint-Malo, baada ya Bougainville kuanzisha makazi huko mwaka 1764. Umoja wa Mataifa umepata njia yake: katika hati za Kiingereza huandikwa Falkland, na Malvinas hutiwa ndani ya mabano, katika hati za Kihispania mambo hugeuzwa kinyume. Ni suluhisho la kidiplomasia, wala mtunzi wa riwaya hawezi kulitumia. Kwa maoni yangu, katika maneno ya msemaji jina ni mali ya msemaji. Waziri wa Ajentina akisema Puerto Argentino, mfasiri asimtilie kinywani Stanley, jina la mji huo huo kwa Waingereza, maana atakuwa amemfanya akiri asichokiri. Katika masimulizi ya mwandishi, jina alijualo msomaji lafaa, mradi lile la pili litajwe mara moja.

Swala hili si la mbali nasi kama linavyoonekana, kwa kuwa Kihispania ni lugha rasmi ya nchi moja ya Afrika, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968. Kisiwa chake kikuu kiliitwa Fernando Poo na Wahispania na Fernando Po na Waingereza, kwa jina la baharia Mreno. Mwaka 1827 Waingereza walijenga hapo mji wakauita Clarence. Wahispania wakaugeuza kuwa Santa Isabel. Mwaka 1973 ukawa Malabo, jina la mfalme wa Wabubi, ambao lugha yao ni ya Kibantu kama Kiswahili. Mwaka huo huo kisiwa kilipewa jina la Rais Macías Nguema, na alipopinduliwa mwaka 1979 kikaitwa Bioko. Mfasiri wa Kiswahili atakayeletewa hati ya mwaka 1950 na aandike Santa Isabel na Fernando Poo, kisha aeleze kwa tanbihi fupi kwamba leo ni Malabo na Bioko. Na akiletewa barua ya mwaka 1975 iliyotoka gerezani katika kisiwa hicho, asiandike Bioko kwa kutaka kumpendeza msomaji wa leo: aliyeiandika alilazimika kuliweka jina la Macías juu ya ukurasa, na hilo nalo ni sehemu ya habari aliyoileta.