Juu ya nini zoo haikuokoa kifaru wa Garamba?

Katika somo la biolojia tuliuliza swali hili: kama kifaru weupe wa kaskazini wamekwisha katika parki yetu ya Garamba, juu ya nini zoo haikuwaokoa? Tumetafuta jibu, ni hili.

Mwaka wa 1975, kifaru sita walikamatwa Sudani ya kusini, wakapelekwa zoo ya Dvůr Králové, katika inchi iliyoitwa wakati ule Chekoslovakia. Ni zoo moja tu ya dunia ambamo aina hiyo ilizaa. Lakini tuhesabu: Suni 1980, Nabire 1983, Najin 1989, Fatu 2000. Basi! Watoto wane kwa miaka 25.

Sababu ni nini? Kwanza, jike anabeba mimba karibu miezi 16, na anazaa mtoto mmoja. Pili, kifaru si mbuzi. Dume akikaa siku zote na majike wale wale katika lupango moja, mara nyingi hawatafuti hata kidogo. Tatu, jike anayekaa miaka mingi bila mimba anaweza kupata uvimbe katika tumbo la uzazi, kisha hazai tena.

Wakati ule ule, huku Garamba, walipolindwa vizuri, walitoka 15 mwaka wa 1984 wakafika karibu 30. Pori lilishinda zoo! Kisha vita na bunduki za wawindaji wa pembe zikawamaliza. Mwaka wa 2006 walihesabiwa wane tu. Baadaye hawakuonekana tena.

Mwaka wa 2009 zoo ilirudisha wane Afrika, huko Ol Pejeta, Kenya. Hawakuzaa. Sudan, dume wa mwisho, alikufa mwaka wa 2018. Wakabaki paka Najin na binti yake Fatu, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Sasa wanganga wanachanganya mayai ya Fatu na mbegu za madume waliokufa, zilizotunzwa katika baridi kali, ili jike wa aina ya kusini awabebee mimba.

Mwaka wa 2023 Garamba ilipokea kifaru 16 weupe wa kusini. Ni ndugu zao, si wao wenyewe.

Kwa hiyo sisi tunasema: zoo ni ghala ya mbegu. Ghala ni nzuri, lakini shamba lisipolindwa, mbegu tutaipanda wapi? Hao wa kusini wako kwetu, wandugu. Tusiwapoteze mara ya pili.