"Shule yetu imeanguka!" Maswali matano ya kumuuliza mheshimiwa (uzi)

1. Matokeo ya KCSE yakitoka, hukosi kumsikia mheshimiwa mmoja matangani akishika maikrofoni: "Shule yetu imeanguka, mwalimu mkuu aende!" Kijiji jirani mwingine anajigamba: "Nimeinua wastani." Wote wawili wanaweza kuwa na namba za kweli na bado wanakupotosha. Uzi huu unaeleza vipi. Sitaji mtu wala chama. Twende polepole.

2. Naongea hasa kuhusu shule ndogo ya kutwa huko mashambani, ile ya mkondo mmoja, watahiniwa 20 ama 30. Mimi nimesomea shule ya aina hiyo. Nyingi zilijengwa baada ya 2003, pesa za CDF zilipoanza kufika mashinani, na baada ya 2008, serikali ilipoanza kulipia masomo ya shule za kutwa. Kila kijiji kilitaka yake. Faida ni kwamba mtoto hatembei mbali. Hasara ni kwamba wanafunzi ambao wangejaza shule moja sasa wamegawanywa kwa tatu.

3. SWALI LA KWANZA: Walikuwa wangapi?
Kwenye KCSE, A ni pointi 12 na E ni pointi 1. Chukua shule ya watahiniwa 20 yenye wastani wa 4.0. Jumla ni pointi 80. Sasa tuseme wawili kati yao, badala ya D (pointi 3), wamepata B+ (pointi 10). Hapo zimeongezeka pointi 14. Gawa 94 kwa 20, unapata 4.7. Kijiji kinacheza ngoma.

4. Peleka pointi hizo hizo 14 kwa shule ya watahiniwa 300 yenye wastani huo huo wa 4.0. Unapata kama 4.05. Hakuna anayeona. Watoto ni wawili tu, lakini huku wanaitwa muujiza. Na mwaka ujao wawili wakiugua malaria wiki ya mtihani, shule ndogo "imeanguka", ilhali walimu ni wale wale. Ukitaka kujua shule kama hii inaelekea wapi, itisha wastani wa miaka minne ama mitano. Mwaka mmoja haukuambii kitu.

5. Tena, ukisikia mtu akilinganisha 2022 na 2023, tulia kwanza. Mwaka 2023 njia ya kupata gredi ya jumla ilibadilishwa: Hisabati na lugha moja ndiyo lazima, halafu yanaongezwa masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kabla ya hapo, masomo ya lazima kwenye hesabu hiyo yalikuwa mengi. Kwa hivyo kuna shule zilizopanda kwa sababu kikokotoo kilibadilika, si kwa sababu mheshimiwa alileta basi.

6. SWALI LA PILI: Waliingia na nini?
Mpaka KCPE ya mwisho mwaka 2023, alama kati ya 500 ndizo zilizoamua nani aende wapi. Wa alama za juu walienda shule za kitaifa, wengine shule za ngazi ya kati, na waliobaki shule ya kutwa ya kaunti ndogo. Sasa, shule moja imepokea mtoto wa alama 180 ikamtoa na C-. Nyingine imepokea wa alama 400 ikamtoa na B. Ni ipi imefundisha zaidi? Jukwaani swali hilo halifiki.

7. Na si alama tu. Angalia ni nani anabaki kwa shule ya kijiji. Ni yule ambaye mzazi hana pesa za bweni. Ni msichana aliyejifungua akarudi darasani, jambo ambalo sera ya nchi inaliruhusu tangu 1994. Ni kijana wa bodaboda wikendi, ama anayelelewa na nyanya. Hawa si wajinga. Lakini saa ambayo mwenzao wa bweni yuko kwa masomo ya jioni, wao wanachota maji ama wako njiani kwenda nyumbani.

8. SWALI LA TATU: Nani hayupo?
Kama utakumbuka swali moja tu, kumbuka hili. Wastani unahesabu waliofanya mtihani peke yao. Tuseme 34 waliingia Kidato cha Kwanza na 20 wakafanya KCSE. Wale 14 wako wapi? Baadhi wamehamia shule nyingine, sawa. Wengine wameolewa, wengine wanachimba mchanga, wengine wanalima kwa watu. Kwenye wastani hawaonekani kabisa. Na mara nyingi wanaotoka ndio waliokuwa na shida darasani, kwa hivyo wakitoka, wastani unapanda!

9. Hapo ndipo hila huzaliwa. Mwanafunzi dhaifu anaambiwa arudie darasa, ahame, ama asajiliwe kwa kituo kingine cha mtihani. Wastani unatoka safi, watu wanapiga makofi, na kuna mtoto amepotea. Mwanasiasa anayemtisha mwalimu mkuu "pandisha wastani ama uende", bila kuuliza idadi, ndiye anayemsukuma huko. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, bila malipo na ya lazima. Hakisemi ni yule tu atakayepandisha wastani.

10. SWALI LA NNE: Pesa ni za vichwa vingapi?
Mgao uliotangazwa kwa shule za upili za kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa wanafunzi 90 hiyo ni 2,001,960. Kwa wanafunzi 900 ni 20,019,600. Na hapo nimechukulia zinafika zote na kwa wakati, jambo ambalo walimu wakuu wamelilalamikia sana. Lakini mlinzi wa usiku ni yule yule, stima ni ile ile, na hakuna kitu kama robo ya maabara.

11. Mwaka 2025 hakukuwa na Kidato cha Kwanza nchi nzima, kwa sababu kundi la kwanza la CBC lilikuwa bado Gredi ya 9. Shule za upili zikabaki na vidato vitatu, na mgao ukafuata idadi. Mlinzi hakukubali mshahara upungue kwa robo. Shule kubwa ilikaza mshipi. Shule ndogo ilianza kuuliza ni mwalimu yupi wa BOM aende nyumbani.

12. Kwa sababu pesa zinafuata vichwa, kuna wanaoongeza majina ya wanafunzi hewa. Huo ni wizi, tusipambe. Kuna pia wanaosema shule ndogo ziunganishwe. Hoja hiyo ina uzito: walimu na vifaa vitakuwa pamoja. Lakini akisema hivyo, muulize ni kilomita ngapi zitaongezeka, ni mto upi watoto watavuka, na msichana wa Kidato cha Tatu atapita wapi saa kumi na moja alfajiri.

13. SWALI LA TANO: Walimu wa TSC ni wangapi?
KCSE inataka masomo yasiyopungua saba. Hata shule ya wanafunzi 90 inahitaji mtu wa Hisabati, wa Kemia, wa Kiswahili. Mmoja akihamishwa muhula wa pili, somo limekufa, ama wazazi wachange kumlipa mwalimu wa BOM. Na mgombea wa kaunti akikuahidi kuajiri walimu wa sekondari, muulize kwa mamlaka gani. Katiba iliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kuajiri walimu wa shule za umma za msingi na upili ni kazi ya TSC.

14. "Lakini KCSE inaisha." Kweli, ya mwisho ni 2027, na Gredi ya 10 ilianza Januari 2026. Majina ya mitihani yatabadilika. Shule ndogo itabaki ndogo, na maswali haya matano yatabaki na kazi.

15. Kwa hivyo baraza lijalo, akianza kupigia kelele wastani, inua mkono umuulize kwa heshima: "Mheshimiwa, waliingia wangapi, wamefanya mtihani wangapi, na hao wengine wako wapi?" Akikosa jibu, usimruhusu amfukuze mwalimu wa mtu. Kama unajua namba za shule ya kwenu, weka hapa chini mbili tu: walioingia na waliomaliza. Majina ya watoto na ya walimu tafadhali yaacheni.