Simu na Uzazi: Ni Nani Waliohesabiwa?



Huku Area 49 na kule Dzaleka tunaulizwa sana: je, simu mfukoni humnyima mwanamume watoto? Swali hili si mzaha, maana kuna ndoa zinazoyumba kwa ajili yake.

Mwaka 2008 madaktari wa Cleveland, Marekani, walitoa habari za wanaume 361. Waliotumia simu zaidi walikuwa na mbegu chache. Lakini walipatikana wapi? Wote walikuwa wamekwenda kupimwa utasa. Watu wa namna hiyo hawawezi kutusemea sisi sote. Ni kama bwana msimamizi anayehesabu wagonjwa kwa kusimama langoni asubuhi: wagonjwa wenyewe wamelala nyumbani!

Mwaka 2023 Uswisi ilitoa hesabu ya vijana 2,886 waliopimwa walipoitwa jeshini. Waliotumia simu mno walikuwa na mbegu pungufu, ila kuiweka mfukoni hakukuleta tofauti. Na hao nao ni wale waliokubali kupimwa tu.

Basi asiyepata mtoto aende hospitali pamoja na mkewe, wapimwe wote wawili.

Na siku watakapokuja kutupima kwa ajili ya dawa za kunyunyizia mashambani, tutawauliza: wenzetu walioacha kazi kwa ugonjwa mmewahesabu?