Bastola ya Kwanza: Mambo ya Kujua Kabla Hujaingia Dukani

Muhula uliopita, kikao cha chama kilipokwisha na chai ikimiminwa, mwenzetu mmoja alitwambia kwamba akihitimu anataka kuwa polisi. Ana miaka 20, na kwa kazi yake ya wikendi alikuwa ameweka akiba ya dola 600 ili anunue bastola aanze mazoezi. "Nisaidieni kuchagua," akasema.

Tulinyamaza kidogo. Wengi wetu tumezaliwa au kulelewa hapa Marekani, lakini wazazi wetu wametoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Mombasa, na katika nyumba nyingi za kwetu bunduki si mazungumzo ya mezani. Mama yake alikimbia vita Kivu Kusini. Jibu lake alikuwa amekwisha kulitoa: "Hiyo kitu haiingie mu nyumba yangu."

Basi tukaona tulichunguze jambo lenyewe, tusiishie kubishana. Tulisoma sheria, tukazungumza na mkufunzi wa kulenga shabaha, na watatu kati yetu wakamsindikiza mwenzetu kwenye darasa la wanaoanza. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Unaihitaji sasa?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi hulipita. Idara nyingi za polisi humpa askari bastola ya kazi. Nyingine humwachia anunue mwenyewe, lakini kutoka kwenye orodha iliyoidhinishwa: aina fulani, risasi za kipimo fulani. Ukinunua leo, kesho unaweza kuajiriwa mahali ambapo bastola yako haimo kwenye orodha. Zaidi ya hayo, chuo cha polisi hufundisha kila mtu kuanzia mwanzo. Mkufunzi wetu alisema afadhali apate mwanafunzi asiyejua kitu kuliko aliyejifundisha vibaya kwa miaka miwili.

Sheria inasemaje?

Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia bastola mtu wa chini ya miaka 21. Kifungu hicho kinabishaniwa mahakamani siku hizi, na kila jimbo lina sheria zake za nyongeza, kwa hiyo uliza za kwako kabla ya kufanya lolote.

Hapa ndipo sisi watu wa ukoo mkubwa tunapoweza kuteleza. Kwetu ni kawaida kumwambia binamu, "Wewe una umri, ninunulie, hela hizi hapa." Kwa bastola, usithubutu. Mnunuzi hujaza fomu akikiri kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi, na kudanganya hapo ni kosa la jinai. Mwanamume mmoja wa Virginia, Bruce Abramski, aliyewahi kuwa polisi, alimnunulia mjomba wake Glock 19 kwa fedha za mjomba huyo ili wapate punguzo la bei la polisi. Mjomba mwenyewe hakuwa na kizuizi chochote cha kumiliki silaha. Hata hivyo, mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha hatia ya Abramski kwa kura 5 dhidi ya 4. Mwaka 2022 Bunge liliongeza sheria nyingine, na sasa kumnunulia mtu aliyekatazwa silaha kunaweza kukuletea kifungo cha hadi miaka 15. Mtu mwenye hukumu ya namna hiyo asahau kazi ya polisi.

Na ninyi wenzetu mlio hapa kwa viza ya masomo, sikilizeni vizuri. Kwa kawaida sheria ya shirikisho inawakataza hata kuishika bunduki yenye kuweza kufyatua, na misamaha yake ni michache. Msiende uwanjani kupiga picha na bastola ya rafiki kabla ya kumwona mwanasheria.

Ukifika wakati wa kuchagua

Tuseme umetimiza umri na idara imekupa orodha. Anza na risasi. Leo idara nyingi zinatumia 9mm, na ina historia yake. Aprili 1986 maofisa wawili wa FBI waliuawa Miami katika mapambano ya risasi. Lawama nyingi ziliangukia risasi za 9mm za wakati ule, FBI ikahamia kubwa zaidi, kwanza 10mm kisha .40. Lakini risasi kubwa hurusha mkono sana, na maofisa wengi walikosa shabaha. Risasi za 9mm nazo ziliboreshwa, na katikati ya miaka ya 2010 FBI ikazirudia. Kwa anayeanza, faida yake ni tatu: mkono hautikisiki sana, bastola inabeba risasi nyingi, na bei ya mazoezi ni nafuu.

Pili ni mkono wako. Shika mpini juu kabisa, kisha uone kama ncha ya kidole cha shahada inafika kwenye kifyatulio bila wewe kuigeuza bastola. Mwenzetu alipenda Glock 17 kwa sababu ndiyo aliyoiona kwenye sinema. Alipoishika na Glock 19, iliyo fupi kidogo na yenye magazini ya risasi 15 badala ya 17, ya pili ndiyo iliyomkaa. Mwingine wetu, msichana mwenye vidole vifupi, alilenga vizuri kuliko wote kwa M&P ya Smith & Wesson baada ya kubadilishiwa mgongo wa mpini. Kwa hiyo usinunue kwa jina wala kwa picha. Viwanja vingi hukodisha bastola, kwa hiyo zijaribu tatu au nne kwanza.

Tatu ni hesabu. Bastola mpya ya aina hizi ni kama dola 500 hadi 700, lakini bado hujanunua risasi, vizibo vya masikio, miwani, ala ngumu inayofunika kifyatulio, kasiki ya chuma, na ada ya mkufunzi. Zile dola 600 za mwenzetu zingeishia kwenye chuma peke yake, asibaki na senti ya kujifunzia. Ukibanwa, ulizia bastola zilizotumiwa na polisi na kurudishwa dukani. Mara nyingi zimechubuka nje kwa kuvaliwa, lakini hazikufyatuliwa sana.

Nyumba inayoipokea

Mkufunzi alitukaririsha kanuni nne: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga, jua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Halafu akatuuliza, "Nyumbani mnaishi na nani?"

Mwenzetu anaishi na mama, wadogo zake watatu, na mjomba ambaye usiku halali vizuri tangu kambini. Katika Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu kujiua. Siku ile ndipo tulipoelewa kwamba mama hakuwa akipinga kazi ya mwanawe. Alikuwa akiwahesabu watu wa nyumba yake, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Mwenzetu hakununua. Sehemu ya akiba yake imelipia darasa na kukodi bastola uwanjani mara moja kwa mwezi chini ya mkufunzi, na zilizobaki zinasubiri idara itakayomwajiri. Alipomweleza mama uamuzi huo, mama alinyamaza, kisha akauliza, "Na siku kazi itakupa yao, utaifungia wapi?" Sasa wanatafuta kasiki pamoja.

Kama nawe unawaza kazi hii, usinunue kabla ya kuwauliza idara na mkufunzi, na kabla ya kuzungumza na watu unaoishi nao. Mwenye swali atukute Ijumaa kwenye meza ya chai.