Siti ya Angani: Kabla ya Nauli, Uliza ya Kurudi

Anayekata tiketi ya Dar es Salaam pale stendi ya Nachingwea huuliza nauli kwanza, halafu akalizunguka basi kuangalia matairi. Ana sababu. Gari likifia porini baada ya Nangurukuru, konda atawafaulisha abiria: atasimamisha basi jingine, wataelewana bei na mwenzake pembeni, na siti ya dirishani uliyoiwahi alfajiri itageuka nafasi ya kusimama mlangoni. Wa Ruangwa nao wanaijua hadithi hiyo. Nauli umelipa, ila kufika kwako sasa kunategemea gari la mtu mwingine.

Safari za kwenda Kituo cha Anga cha Kimataifa zina tabia hiyohiyo, isipokuwa sifuri za kwenye tiketi. Kituo chenyewe si mbali. Kinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na kutoka Nachingwea kwenda Dar kwa barabara ni mbali kuliko hapo. Kwa nauli ya LATRA iliyoanza Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida, kilomita 400 zingekugharimu shilingi 19,388. Laiti basi lingepanda juu.

Bei halisi ni hizi. Mwaka 2001 Mmarekani Dennis Tito alilipa takriban dola milioni 20 kupanda chombo cha Kirusi, Soyuz. Mwaka uliofuata Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akalipa kiasi kama hicho, akawa Mwafrika wa kwanza kufika kwenye kituo. Marekani ilipostaafisha vyombo vyake vya Shuttle mwaka 2011, njia ikabaki na basi moja, na mwenye basi akajua. Siti ya Soyuz ambayo NASA, shirika la anga la Marekani, iliipata kwa dola milioni 21 hivi katikati ya miaka ya 2000 ilifika milioni 90 mwaka 2020. Mwaka huohuo kampuni ya SpaceX ikaanza kubeba watu kwa chombo chake cha Dragon. Mkaguzi wa ndani wa NASA alikuwa amekadiria mwaka 2019 kwamba siti ya Dragon ingegharimu dola milioni 55, na ya Starliner, chombo cha Boeing, milioni 90. Ushindani haukuishusha bei milele: mkataba ambao NASA iliuongeza na SpaceX mwaka 2022 ulifikisha siti dola milioni 72.

Tuiweke kwa pesa yetu, dola moja kwa shilingi 2,500. Ile siti ya milioni 55 ni shilingi bilioni 137.5. Mkulima anayepeleka korosho ghafi kwenye mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, tuseme kwa shilingi 3,000 kilo, angehitaji zaidi ya tani 45,000 kumpandisha mtu mmoja, kabla ya makato ya chama cha msingi (AMCOS).

Lakini bei ya siti ni hesabu ya kugawanya tu: gharama ya mkataba kwa idadi ya watakaopanda. Wasipopanda, hesabu inavurugika, na hilo Nachingwea halihitaji kufundishwa na mtu. Waingereza walikuja hapa baada ya Vita ya Pili na mradi wa karanga, wakajenga reli kutoka pwani kwa ajili ya mzigo ambao walikuwa na hakika nao. Karanga hazikuja. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, na reli ikaja kufungwa na vyuma kung'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Boeing ilipewa mkataba wa dola bilioni 4.2 mwaka 2014, SpaceX bilioni 2.6. Hadi sasa Starliner imebeba watu safari moja tu, na Novemba 2025 NASA ilipunguza safari zilizoagizwa kutoka sita hadi nne, inayofuata ikiwa ya mizigo. Ile milioni 90 ya makadirio ni ya kusahau.

Kuna njia ya pili ya kupata siti, nayo haina pesa: mali kwa mali. Julai 2022 NASA na Roscosmos, shirika la anga la Urusi, walikubaliana kubadilishana abiria. Septemba Frank Rubio wa Marekani akapanda Soyuz, Oktoba Anna Kikina wa Urusi akapanda Dragon. Walifanya hivyo wakati ambapo serikali zao hazisalimiani kwa sababu ya Ukraine, na sababu ni ya kiufundi. Kituo kina pande mbili zinazotegemeana: umeme mwingi unatoka upande wa Marekani, injini za kukisukuma kisishuke ziko upande wa Urusi. Chombo cha upande mmoja kikizuiwa kuruka, lazima abaki juu angalau mtu mmoja wa kila upande anayejua mitambo ya kwao.

Mfano mzuri wa soko hili ni Dragon iliyoondoka Florida tarehe 2 Machi 2023. Ilikuwa na siti nne. Mbili walikalia Wamarekani, Stephen Bowen na Warren Hoburg, kwa zamu yao ya kawaida ya kazi. Ya tatu alikalia Mrusi Andrey Fedyaev, kwa mabadilishano. Ya nne alikalia Sultan Al Neyadi wa Al Ain, mji wa Imarati (Falme za Kiarabu), na hiyo ndiyo yenye historia. Mwaka 2021 NASA ilitaka siti ya Soyuz kwa ajili ya Mark Vande Hei. Kampuni binafsi ya Axiom ikaipata siti hiyo kwa Warusi, ikaikabidhi NASA, na badala ya kulipwa ikaahidiwa siti kwenye chombo cha Kimarekani siku za mbele. Imarati wakaichukua siti hiyo kwa makubaliano na Axiom. Yaani Mmarekani alipanda chombo cha Kirusi ili, miaka miwili baadaye, Mwarabu apande cha Kimarekani. Madalali wa stendi wangeipigia saluti biashara hiyo. Al Neyadi alikaa huko miezi sita na kuwa Mwarabu wa kwanza kutembea nje ya kituo.

Sasa turudi kwenye swali la matairi. Vande Hei alikwenda na Soyuz moja akarudi na nyingine baada ya siku 355, kwa kuwa Oktoba 2021 siti za kurudia zilichukuliwa na muongozaji na mwigizaji wa Kirusi waliokwenda kupiga picha za filamu. Rubio yalimkuta makubwa zaidi. Desemba 2022 Soyuz yake ilivuja kimiminika cha kupoozea ikiwa imefungwa kwenye kituo, ikaonekana si salama kuwarudisha watu. Siti ya Soyuz si ya kukaliwa na yeyote. Kila abiria hutengenezewa kitako kinachofuata umbo la mgongo wake. Januari kitako cha Rubio kikang'olewa na kuhamishiwa ndani ya Dragon, kwa dharura tu, hadi Urusi ilipopeleka Soyuz nyingine tupu mwishoni mwa Februari. Safari iliyopangwa miezi sita ikawa siku 371.

Butch Wilmore na Suni Williams walipanda na Starliner Juni 2024 kwa safari ya majaribio ya siku nane hivi. Injini ndogo za chombo zikatia mashaka, Septemba kikarudishwa kitupu, na wao wakabaki na nguo za safari zisizoingiliana na mitambo ya Dragon. Kwa wiki kadhaa siti zao za dharura zilikuwa magodoro ya povu yaliyofungwa sehemu ya mizigo ya Dragon iliyokuwepo, chini ya siti za wenyewe. Ili wapate nafasi halali, Dragon iliyofuata iliondoka na watu wawili, Nick Hague na Mrusi Aleksandr Gorbunov. Waliokuwa wamepangiwa siti nyingine mbili, Zena Cardman na Stephanie Wilson, waliachwa chini. Siti ya Mrusi haikuguswa, na hapo ndipo nguvu ya mali kwa mali inapoonekana: aliyebadilishana ana mkataba, aliyepangwa ana ratiba tu. Wilmore na Williams walitua baharini karibu na Florida tarehe 18 Machi 2025, siku 286 baada ya kuondoka.

Kwa hiyo ukiniuliza, siti ya milioni 72 kwenye chombo kinachorudi kwa wakati ni nafuu kuliko ya bei yoyote kwenye chombo cha majaribio, na ya kubadilishana ni bora kuliko zote, ila lazima uwe na cha kubadilisha. Tanzania bado haina.

Majirani zetu walichagua kutuma kisanduku badala ya mtu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata nafasi ya bure kupitia mpango wa KiboCUBE wa Umoja wa Mataifa na Japani, na tarehe 11 Mei 2018 setilaiti yao, mchemraba wa sentimita 10, ikaachiliwa kutoka kwenye maabara ya Kijapani ya kituo. Uganda iliwapeleka wahandisi watatu Japani, Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, wakatengeneza PearlAfricaSat-1, iliyoachiliwa Desemba 2022. Kenya iliporudi na Taifa-1 Aprili 2023 haikupitia kituoni. Ilikodi nafasi kwenye roketi ya SpaceX, na mradi mzima ukatajwa kugharimu shilingi milioni 50 za Kenya. Visanduku vya kituoni huteketea vikishuka baada ya mwaka mmoja au miwili, hivyo hakuna wa kuvitafutia siti ya kurudi. Kinachobaki ni wahandisi, na gharama ya kuwasomesha ndiyo ambayo mpango wa bure hauilipi.

Shule ya sekondari ya Ruangwa au Nachingwea isiyo na bajeti hata ya hilo inaweza kuanza na redio ya mkononi inayoshika megahezi 145.800, masafa ambayo wanaanga huyatumia kuzungumza na shule. Kusikiliza hakuna ada. Anayetaka kujibu ndiye atakayehitaji leseni ya TCRA.